Kizibo cha moyo: kinazuia nini, na kinamfaa nani

Mtu akishapimwa na kuambiwa ana mpapatiko wa atria, habari inayofuata huwa nzito kuliko hiyo ya kwanza: atameza dawa ya kuzuia damu kuganda, na ataimeza hadi mwisho wa uhai wake. Wengi huzoea. Wachache hushindwa, tena si kwa uzembe, bali kwa sababu dawa ileile inayowakinga na kiharusi inawavujisha damu tumboni, puani au, ikizidi ubaya, ndani ya fuvu. Hapo ndipo kizibo hutajwa: kifaa kidogo kinachopitishwa kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni na kuachwa humo daima. Kinavyosimuliwa, unaweza kudhani hesabu ni nyepesi, yaani ziba kijifuko, tupa vidonge. Kifaa kina manufaa ya kweli. Ila manufaa hayo hayako pale ambapo wengi huyatafuta, na asiyelijua hilo anaweza kukubali au kukataa kwa sababu zisizo zenyewe.

Damu inapotuama

Atria ni vyumba viwili vya juu vya moyo. Moyo ukiwa mzima, vyumba hivyo hujikaza kwa pamoja na kuzimiminia damu ventrikali zilizo chini. Kwenye mpapatiko, umeme wa atria huvurugika. Kuta zake hutetemeka mamia ya mara kwa dakika bila kujikaza sawasawa, na mapigo ya moyo hukosa mpangilio. Wapo wanaohisi kifua kikidunda ovyo na pumzi ikiwakatika. Wapo wasiohisi lolote, hadi siku wanapopooza upande mmoja ndipo wanaambiwa chanzo.

Pembeni mwa atriamu ya kushoto pana kijifuko, mabaki ya chumba cha awali cha moyo wa kijusi. Mdomo wake ni mwembamba, ndani kina mikunjo mingi, na hakina njia ya pili ya kutokea. Damu inayoingia humo huhitaji msukumo wa atriamu ili itoke. Msukumo ukikosekana, damu hutuama, na damu iliyotuama huganda. Bonge likichomoka huteremka hadi ventrikali ya kushoto, husukumwa kwenye aota, mshipa mkubwa unaotoka moyoni, na mara nyingi huishia ubongoni. Viharusi vya namna hii huwa vikali kuliko vingi vingine, kwa kuwa bonge lililokua moyoni huwa kubwa na huziba mshipa mkubwa. Utafiti wa miaka mingi wa Framingham, nchini Marekani, uliripoti mwaka 1991 kwamba mpapatiko huongeza hatari ya kiharusi karibu mara tano.

Vijifuko vyenyewe havifanani. Wanaovipiga picha wamevipa majina kwa umbo: bawa la kuku, mpungate, koliflawa. Uchunguzi uliochapishwa 2012 uliona kwamba wenye umbo la bawa la kuku walikuwa na historia ya viharusi vichache zaidi. Ni habari ya kuvutia, lakini haimpi mtu yeyote ruhusa ya kuacha dawa.

Takwimu iliyolipa wazo la kizibo nguvu ilitoka mwaka 1996. Joseph Blackshear na John Odell walikusanya ripoti za upasuaji, za uchunguzi wa maiti na za altrasaundi, wakahesabu mabonge yalikutwa wapi. Kwa wagonjwa wa mpapatiko wasio na ugonjwa wa vali unaotokana na homa ya rumatiki, asilimia 91 ya mabonge ya atriamu ya kushoto yalikuwa ndani ya kijifuko. Kwa wenye ugonjwa huo wa vali, ilikuwa asilimia 57 tu.

Ukiisoma kwa haraka utasema: basi, tukiziba kijifuko tumeondoa viharusi 91 katika kila 100. Sivyo. Hesabu ile ni ya mabonge yaliyoonekana ndani ya atriamu, si ya viharusi vilivyompata mtu. Mwenye mpapatiko mara nyingi ni mtu mzima mwenye shinikizo la damu, pengine na kisukari, pengine na mishipa ya shingo iliyojaa mafuta. Anaweza kupata kiharusi kutoka kwenye mshipa wa shingo, kutoka kwenye vijishipa vya ubongo wenyewe, au kutoka kwenye ukuta wa atriamu iliyochakaa. Dawa huzunguka mwili mzima pamoja na damu. Kizibo hukaa mahali pamoja na kulinda hapo tu. Mengine yote nitakayoyaeleza yanatokana na tofauti hiyo.

Mpinzani wa kizibo ni nani?

Warfarini ndiyo dawa kongwe. Chimbuko lake ni nyasi za malisho zilizooza zikasababisha ng'ombe wa Marekani na Kanada kuvuja damu hadi kufa. Karl Paul Link na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin walikichambua kilichokuwa ndani yake, na warfarini ikauzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948 kabla ya kuruhusiwa kwa binadamu 1954. Inafanya kazi vizuri sana: majaribio yaliyojumlishwa pamoja na kuchapishwa 2007 yalionyesha inapunguza viharusi vya mpapatiko kwa takriban asilimia 64, huku aspirini na jamaa zake wakipunguza kama asilimia 22. Lakini inasumbua. Kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, kinatakiwa kubaki kati ya 2 na 3, damu ipimwe mara kwa mara, na chakula chenye vitamini K pamoja na dawa nyingine kibao huvuruga mizani.

Kuanzia 2009 zikaja dawa mpya nne: dabigatrani, rivaroksabani, apiksabani na edoksabani. Hazihitaji INR. Uchambuzi wa majaribio yake makuu, uliochapishwa 2014 ukiwa na wagonjwa 71,683, ulikuta kwamba ukizilinganisha na warfarini zinapunguza viharusi na mabonge mengine kwa asilimia 19, na zinapunguza kuvuja damu ndani ya fuvu kwa karibu nusu.

Mwaka 2011 lilitoka jaribio jingine, AVERROES, ambalo kwa maoni yangu lingepaswa kutajwa kila mara kizibo kinapotajwa. Washiriki wake 5,599 walikuwa watu walioonekana hawafai kupewa warfarini. Nusu wakapewa apiksabani, nusu aspirini. Viharusi na mabonge ya mwilini vilikuwa asilimia 1.6 kwa mwaka kwa waliomeza apiksabani na asilimia 3.7 kwa waliomeza aspirini. Kuvuja damu kwingi je? Asilimia 1.4 kwa 1.2, tofauti ndogo isiyotosha kusema aspirini ni salama zaidi. Kwa maneno mengine, wengi walioandikiwa kwenye faili kwamba hawawezi dawa za kuzuia damu kuganda, kumbe walishindwa warfarini tu. Na aspirini, ambayo hutolewa kwa mkono mwepesi kwa sababu "ni dawa ndogo", si ndogo kiasi hicho.

Kinavyoingizwa

Wazo la kuondoa kijifuko ni la zamani kuliko warfarini yenyewe kuruhusiwa: John Madden alichapisha mwaka 1949 taarifa ya kukikata kwa upasuaji ili kuzuia mabonge yasirudi. Kilichokosekana ni njia ya kufika huko bila kupasua kifua. Ilipatikana 2001, mgonjwa wa kwanza alipowekewa kifaa kilichoitwa PLAATO kupitia mshipa. Kifaa hicho kiliondolewa sokoni baadaye, lakini njia ilikwisha funguliwa. Watchman kilianza kuwekwa kwa binadamu 2002 na ndicho kilichochunguzwa zaidi. Mshindani wake mkubwa ni Amulet, chenye sehemu mbili: kipande kinachokaa ndani ya kijifuko na kisahani kinachofunika mdomo kwa nje.

Kabla ya kazi, kijifuko hupimwa kwa picha za CT au kwa altrasaundi ya kupitia umio, ili kujua upana na kina chake na kuhakikisha hakuna bonge ambalo tayari limelala humo. Mgonjwa hupewa nusu kaputi au dawa ya usingizi mwepesi. Daktari huingia kwa sindano kwenye mshipa wa kinena, hupandisha mrija mwembamba hadi atriamu ya kulia, kisha hutoboa ukuta unaotenganisha atria mbili. Hutoboa penye kiwambo chembamba, mahali palipokuwa wazi tulipokuwa tumboni mwa mama. Akishafika kushoto, husogeza mrija hadi mdomoni mwa kijifuko na kukifungua kifaa, ambacho kilikuwa kimekunjwa ndani ya mrija. Ni kiunzi cha nitinoli, aloi ya nikeli na titani, kilichofunikwa kitambaa cha poliesta; Watchman FLX huja katika vipimo vya kuanzia milimita 20 hadi 35. (Mwenye mzio wa nikeli aseme mapema, asingoje kuulizwa.) Daktari hukivuta kidogo kuona kama kimeshika, huangalia kama kuna damu inayopenya kando, na akiridhika ndipo hukiachia. Wagonjwa wengi hulala hospitali usiku mmoja, wakaenda nyumbani kesho yake.

Katika wiki zinazofuata mwili hukiotesha kifaa utando wa ndani, ule ule unaotandika kuta za moyo. Hadi utando huo ukamilike, kitambaa na chuma ni vitu vigeni ndani ya damu, na vitu vigeni huita damu igande juu yake. Kwa hiyo mtu aliyewekewa kizibo ili aache dawa huondoka hospitalini akiwa na dawa. Utaratibu uliotumika kwenye majaribio ya mwanzo ulikuwa warfarini na aspirini kwa siku 45, halafu altrasaundi, halafu klopidogreli (dawa nyingine inayopunguza damu kuganda) na aspirini hadi mwezi wa 6, halafu aspirini maisha yote. Kwa asiyeweza kabisa warfarini, madaktari wengi hutumia klopidogreli na aspirini tangu siku ya kwanza. Jambo hili huwashangaza wagonjwa, na wana haki ya kushangaa ikiwa hawakuambiwa mapema.

Majaribio yanasema nini

Jaribio kubwa la kwanza, PROTECT AF, lilichapishwa 2009. Wagonjwa 707 waligawanywa kwa bahati nasibu: theluthi mbili Watchman, theluthi moja warfarini. Kwa jumla ya kiharusi, kifo cha moyo au kisichoelezeka, na mabonge ya mwilini, kifaa hakikuwa duni kuliko warfarini. Lakini mwanzoni kiliumiza. Karibu mgonjwa mmoja kati ya 20 waliopangiwa kifaa alijaza damu au majimaji kwenye mfuko unaouzunguka moyo kiasi cha kuhitaji kutolewa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ikataka ushahidi zaidi, na likaja PREVAIL lenye wagonjwa 407, lililochapishwa 2014. Usalama ulikuwa umeboreka waziwazi. Ufanisi ukawa na utata, maana kipimo chake kikuu cha kwanza hakikufikia mpaka uliowekwa. Waliokuwa kwenye warfarini walipata viharusi vichache mno kuliko ilivyotarajiwa. Jopo la washauri lilipoulizwa mwaka huo kuhusu ufanisi, kura ziligawanyika karibu sawa kwa sawa. Kibali kikatolewa Machi 2015, miaka kumi baada ya Ulaya kukiruhusu kifaa hichohicho.

Matokeo ya miaka mitano ya majaribio hayo mawili yakijumlishwa, yaliyochapishwa 2017, ndiyo yanayofundisha zaidi, na ndiyo yanayonukuliwa nusunusu zaidi. Viharusi vyote kwa ujumla vilikaribiana pande zote mbili. Ukivitenganisha, picha inabadilika. Viharusi vya kuvuja damu ubongoni vilipungua kwa asilimia 80 upande wa kifaa. Viharusi vya mshipa kuziba vilielekea kuwa vingi zaidi upande huohuo wa kifaa, ingawa tofauti haikufikia kiwango cha uhakika wa kitakwimu. Vifo vilipungua.

Hebu tulitafakari hilo. Kifaa kilichobuniwa kuzuia mabonge hakikuzuia mabonge vizuri kuliko dawa. Pengine kilizuia pungufu kidogo. Kilichowasaidia wagonjwa ni kutomeza warfarini kwa miaka. Ushindi wake ulikuwa wa damu isiyomwagika. Ndipo swali gumu linapozuka: ikiwa faida kuu ilikuwa kuepuka madhara ya warfarini, na sasa tuna dawa zinazopunguza kuvuja damu kwenye fuvu kwa karibu nusu, faida iliyobaki ni kiasi gani?

Wacheki walijaribu kulijibu kwa PRAGUE-17, wagonjwa 402, matokeo yakatoka 2020. Walilinganisha kifaa na dawa mpya, wakakuta kifaa si duni. Jaribio lilikuwa dogo, na kipimo chake kilichanganya kiharusi, kifo na kuvuja damu kwenye kapu moja, hivyo halitoshi kusema lolote kuhusu kiharusi peke yake. OPTION lilikuwa kubwa zaidi: wagonjwa 1,600 waliokwisha kutibiwa mpapatiko kwa kuunguza sehemu za atriamu zinazozusha umeme mbaya. Matokeo ya Novemba 2024, baada ya miezi 36, yalionyesha kifo, kiharusi au bonge la mwilini kwa asilimia 5.3 ya wenye kifaa na 5.8 ya wenye dawa, na kuvuja damu kusikohusiana na utaratibu wa kuweka kifaa kwa asilimia 8.5 dhidi ya 18.1. Tena ni hadithi ileile: mabonge sawa, damu pungufu. Hawa hata hivyo walikuwa wagonjwa walioweza kumeza dawa na wenye afya ya kadiri.

Wazee dhaifu wenye hatari kubwa ya kiharusi na ya kuvuja damu kwa pamoja, wale hasa ambao kifaa kinadaiwa kuwafaa, walichunguzwa Ujerumani katika CLOSURE-AF. Matokeo yalitangazwa Novemba 2025, na kifaa kilishindwa kuthibitisha kwamba si duni kuliko tiba bora ya dawa. Matokeo haya yanapaswa kumfanya asite daktari yeyote anayekipendekeza kifaa kwa kila mzee anayetokwa na michubuko.

Kuna kejeli nyingine ndani ya ushahidi huu. Miongozo inakipendekeza kifaa kwa watu ambao hawawezi dawa kabisa, lakini majaribio makubwa yaliwahitaji washiriki wanaoweza kumeza dawa, la sivyo kusingekuwa na wa kulinganisha nao. Jaribio la ASAP-TOO lilijaribu kuziba pengo hilo kwa kuwaandikisha wasioweza dawa, likasimamishwa kabla ya wakati kwa sababu washiriki walipatikana polepole mno. Hivyo kundi lenye pendekezo ndilo lenye ushahidi mchache wa majaribio. Hoja ya kuwawekea kifaa ni ya mantiki zaidi kuliko ya takwimu: bila dawa na bila kifaa wanabaki hawana kinga yoyote.

Hatari ya siku moja, hatari ya miaka

Dawa hukutoza hatari yake kidogo kidogo, kila siku, kwa miaka. Kifaa hukuomba sehemu kubwa ya hatari yake kwa mkupuo, siku ya kuwekwa: ukuta wa moyo kutobolewa pasipotakiwa, bonge au hewa kusafiri hadi ubongoni, kifaa kuchomoka, mshipa wa kinena kuvuja. Siku hiyo imekuwa salama zaidi kadiri miaka inavyopita. Katika rejista ya kitaifa ya Marekani, kati ya wagonjwa 38,158 wa 2016 hadi 2018, asilimia 2.16 walipata tatizo kubwa wakiwa bado hospitalini. Katika uchunguzi wa toleo jipya, Watchman FLX, uliochapishwa 2021 ukiwa na wagonjwa 400, matatizo makubwa ya mapema yalikuwa asilimia 0.5, lakini hao waliwekewa na mikono iliyozoea. Data ya rejista hiyohiyo ya Marekani imeonyesha pia kwamba wanawake hupata matatizo zaidi kuliko wanaume. Swali la "umeshaweka vingapi?" halina utovu wa adabu wowote.

Kwa kuwa bei hulipwa mwanzo na faida huja taratibu, kifaa hakimfai mtu ambaye ugonjwa mwingine hautampa miaka ya kuifaidi.

Hatari haiishi siku hiyo pia. Kwa wagonjwa kama 3 au 4 kati ya 100, bonge huota juu ya kifaa chenyewe, na wakishalipata hatari yao ya kiharusi huwa zaidi ya mara tatu ya wengine. Kwa wengine kizibo hakikai sawa na damu hupenya kando. Zamani mwanya usiozidi milimita 5 ulichukuliwa kuwa si kitu. Data ya rejista sasa inaonyesha kwamba hata mianya midogo inaambatana na ongezeko dogo la viharusi. Ndiyo maana picha ya baada ya wiki sita si ya kurukwa hata kama mtu anajisikia mzima.

Nani basi?

Hatua ya kwanza ni kujua kama mtu anahitaji kinga yoyote. Hutumika alama za CHA2DS2-VASc: pointi moja moja kwa moyo kushindwa kusukuma damu, shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa mishipa, umri wa miaka 65 hadi 74, na jinsia ya kike, pointi mbili mbili kwa umri wa 75 na zaidi na kwa aliyewahi kupata kiharusi. Miongozo ya Ulaya ya 2024 imeiondoa pointi ya jinsia. Mwenye alama chini kabisa hahitaji dawa wala kizibo.

Hatua ya pili hurukwa mara nyingi mno, nayo ni kuuliza kama sababu ya kuvuja damu inatibika. Kidonda cha tumbo chenye bakteria hutibiwa kikapona. Dawa za maumivu za aina ya ibuprofeni huachwa. Shinikizo la juu hushushwa. Pombe hupunguzwa. Kiasi cha dawa kisichoendana na figo za mgonjwa husahihishwa. Nimeona makala nyingi zikieleza kifaa kwa picha za kupendeza bila kutaja hata moja kati ya haya, ilhali mengi yake hayahitaji kumtoboa mtu moyo.

Wanaobaki baada ya chujio hilo ndio hasa wa kizibo: aliyevuja damu ubongoni kwa sababu ya mishipa iliyojaa protini ya amiloidi, aliye na vijishipa vya utumbo vinavyopasuka tena na tena kila mahali visivyozibika, na wengine wenye sababu isiyoondoka. Kwao mwongozo wa Marekani wa 2023 unasema ni busara kukiweka, alimradi alama za kiharusi ni 2 au zaidi. Ulaya mwaka uliofuata ikatumia lugha baridi zaidi: kinaweza kufikiriwa. Anayeweza dawa lakini hazipendi yuko ngazi ya chini, na mpango wa bima ya serikali ya Marekani, Medicare, tangu 2016 unadai mgonjwa azungumze na daktari asiyekuwa yule atakayemwekea kabla ya uamuzi. Ni sharti zuri, hata pasipo na bima hiyo.

Wapo ambao mlango umefungwa kwao. Mwenye vali ya chuma anahitaji warfarini kwa ajili ya vali, kizibo hakibadilishi kitu. Mwenye vali ya mitrali (iliyo kati ya atriamu na ventrikali za kushoto) iliyobanwa na ugonjwa wa rumatiki arudi kwenye ile asilimia 57: mabonge yake hayakai kijifukoni tu. Kwa hao hata dawa mpya hazikufua dafu. Jaribio la INVICTUS la 2022 lilikuta warfarini na jamii yake wakiishinda rivaroksabani, hadi kwenye vifo. Aliye na bonge kijifukoni sasa hivi hutibiwa bonge kwanza. Aliye na sababu nyingine ya kumeza dawa hizo, kama mabonge ya mara kwa mara ya miguu na mapafu, hatapata faida ya kuziacha kwa kuwa hataziacha.

Tena kifaa hakigusi mpapatiko wenyewe. Moyo utaendelea kwenda ovyo vilevile, na dawa za kupunguza kasi yake zitaendelea.

Kifua kikiwa kimefunguliwa tayari

Hali moja ina ushahidi imara kuliko zote, na haihusu mrija wa kupitia mshipa. Mgonjwa wa mpapatiko anapofanyiwa upasuaji wa moyo kwa sababu nyingine, kama vile kubadilishiwa vali, daktari anaweza kukifunga kijifuko kwa nyuzi, kukikata au kukibana kwa klipu dakika hizohizo. LAAOS III, jaribio lililoongozwa na Richard Whitlock kutoka Kanada katika nchi 27, lilifanya hivyo kwa nusu ya wagonjwa 4,770. Matokeo ya 2021, baada ya wastani wa miaka 3.8, yalikuwa kiharusi au bonge la mwilini kwa asilimia 4.8 ya waliofungwa na asilimia 7.0 ya wasiofungwa. Miongozo ya Ulaya sasa inakupendekeza kufunga huko kwa nguvu zote.

Washiriki wengi wa LAAOS III waliendelea kumeza dawa zao, zaidi ya robo tatu hata baada ya miaka mitatu. Kijifuko kilifungwa pamoja na dawa, si badala yake, na punguzo la theluthi moja lilipatikana juu ya kinga ambayo tayari ilikuwapo. Jaribio la LAAOS-4 limeundwa kupima jambo hilohilo kwa kizibo cha kupitia mshipa, likilenga wagonjwa 4,000 walio kwenye dawa: nusu waongezewe kifaa, nusu wabaki na dawa pekee.